Masikio ya Pini na Redio ya Wapiga Pasi

Jumamosi, tarehe 7 Juni 2003, mpiga pasi mmoja alitia saini katika ofisi ya shule ya muziki na kukabidhiwa fidla ndogo kuliko zote zilizokuwa kabatini, kwa ajili ya binti yake wa miaka minne. Karani alimuuliza kama mtoto anapenda muziki. Akajibu, "Ana masikio." Karani akadhani ni mzaha, akacheka. Mama wa mtoto hakucheka.

Kazini anaitwa Mama Kola. Ni mwanamke mrefu, asiyependa maneno mengi kabla ya saa nne asubuhi, na mkono wake wa kulia ni mnene kidogo kuliko wa kushoto kwa sababu ya pasi. Jina alilipata kwa haki. Shati likiletwa na kola iliyojikunja kama sikio la mbwa, wenzake hawahangaiki nalo, wanalirusha meza yake. Duka lenyewe la dobi ni chumba kirefu chenye dari ya chini. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna mashine za kufulia, katikati kuna meza za pasi zilizopangwa kama vitanda vya wodi. Ukiingia asubuhi, miwani yako inapata ukungu kabla hujasalimia.

Meza ya jirani ni ya mzee anayeitwa Babu Suruali, kwa kuwa tangu ashike pasi hajawahi kugusa sketi na anasema hana mpango huo. Chini ya meza ya kukunjia, mbali na pasi na nyaya, kuna kituo cha tatu cha kazi: godoro dogo, kikapu cha vifungo vilivyoanguka, na mtoto mmoja anayevipanga kwa rangi. Huyo ndiye Pini. Shule ya chekechea ya mtaani kwao haipokei watoto wa umri wake, kwa hiyo anakuja kazini na mama yake na kurudi naye.

Pini alipokuwa na miezi kumi na moja aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia mama kwamba ugonjwa huo unaweza kuacha alama kwenye masikio, wakati mwingine papo hapo, wakati mwingine pole pole. Vipimo vya siku ile vilikuwa vizuri. Lakini, daktari akasema, mwangalie.

Mama Kola akamwangalia. Aliangusha vijiko nyuma ya mgongo wake. Aligonga hanga ukutani. Alimwita kwa mnong'ono kutoka chumba cha pili, kisha akachungulia kuona kama kichwa kimegeuka. Mwanzoni kiligeuka kila mara. Baadaye Pini alichoka kugeuka bure, kama ambavyo wewe na mimi tungechoka, akaacha. Hapo ndipo mama yake alipoanza kukosa usingizi.

Mumewe, fundi rangi wa majumba, hakuona tatizo.

"Huyo anasikia mfuko wa biskuti ukifunguliwa kwa jirani," alisema.

"Biskuti si kipimo, baba Pini."

"Basi kuna kipimo gani zaidi ya biskuti?"

Kipimo kililetwa na mteja. Mwalimu wa fidla wa shule ya muziki hupeleka dukani gauni lake jeusi la maonyesho, lenye marinda ambayo hamwamini mtu mwingine nayo isipokuwa Mama Kola. Siku moja, akisubiri marinda yake, akamwona Pini chini ya meza na kuuliza umri wake. Alipoambiwa, akasema huo ndio umri wa kuanza.

"Na vidole hivi?" Mama Kola akauliza. "Hata kifungo cha shati hakijamkubali vizuri."

"Fidla haianzi na vidole, mama. Inaanza na masikio." Mwalimu akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, jinsi anavyofanya. Mtoto hupewa kaseti kabla hajapewa fidla. Kaseti inapigwa kila siku, asubuhi na jioni, akila, akicheza, akiogeshwa. Haambiwi nyamaza usikilize. Inapigwa tu, miezi na miezi, kama vile mtoto anavyosikia watu wakizungumza mpaka siku moja na yeye anazungumza. "Akija kushika fidla, wimbo umo ndani tayari. Vidole vinautafuta tu."

"Na asiyesikia vizuri?"

"Asiyesikia atautafuta wapi?"

Mwalimu alikuwa akielezea njia ya kufundisha. Mama Kola alisikia jambo jingine kabisa. Alisikia kwamba kuna mlango, na kwamba mtoto mwenye masikio mabovu hawezi kuupita. Pini akiupita, basi hakutakuwa na haja ya vijiko tena. Hakuwa na haja ya mwanamuziki nyumbani. Ushahidi ndio aliokuwa akiutafuta. Jioni ile alirudi nyumbani na kaseti.

Ilikuwa kaseti ya kawaida, iliyorekodiwa na mwalimu mwenyewe sebuleni kwake, madirisha yamefungwa. Nyimbo zake ni fupi na hazina maneno. Wa kwanza watoto wanauita wimbo wa ngazi, kwa sababu unapanda vidato vichache na kushuka. Unaanza kwa uzi mtupu: mtoto haweki kidole chochote, anavuta upinde tu, na sauti ya kwanza ya wimbo inatoka.

Nyumbani hakukuwa na redio ya kaseti, lakini dukani ilikuwepo, kwenye rafu juu ya makopo ya wanga. Ni redio ngumu, iliyozoea mvuke, na wapiga pasi wanaijivunia. Wana hata tabia ya kulalamika kwamba redio za watu wengine zinavuta miguu. Basi wimbo wa ngazi ukahamia kwa dobi. Ulipigwa asubuhi wakati mashati yananyunyiziwa maji, na ulipigwa jioni wakati wa kukunja. Baada ya majuma machache Babu Suruali alikuwa akiupiga mluzi bila kujijua. Baada ya mengine machache wateja walikuwa wakiugonga kwa vidole kwenye kaunta wakisubiri chenji.

"Huu wimbo hauna mwimbaji, hauna mapenzi, hauna hata msiba," Babu Suruali alilalamika. "Unazungumza nini hasa?"

"Unapanda ngazi, babu," Pini akajibu kutoka chini ya meza.

"Kwenda wapi?"

"Kushuka."

Na Pini aliuimba. Aliuimba kwa kuguna, mdomo umefungwa, akipanga vifungo. Kwa Mama Kola ile ilikuwa dalili njema, ingawa hakuthubutu kumwambia mtu. Fidla ilipokabidhiwa ile Jumamosi ya Juni, aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Balaa lilianza kwenye somo la nne.

Darasa linafanyika Jumamosi, watoto wakiwa wamesimama kwenye nusu duara na mama zao wameketi nyuma yao kwenye viti vya shule, magoti yamekaribia videvu. Kila mtoto anaitwa mbele kwa zamu. Pini alipoitwa alisimama vizuri, akaweka fidla begani vizuri, akashika upinde vizuri. Kisha, kabla ya kuvuta, akaweka kidole cha kwanza juu kabisa ya uzi, karibu na pale nyuzi zinapoanzia, mahali ambapo hakuna alama wala utepe wa kuonyesha vidole vitue wapi.

"Toa kidole, mwanangu," mwalimu akasema. "Uzi mtupu."

Pini akatoa. Akavuta upinde mara moja. Akakunja uso, akatikisa kichwa.

"Siyo huo."

"Siyo nini?"

"Siyo wimbo."

Akarudisha kidole palepale. Mwalimu akakitoa. Akakirudisha. Mwalimu akachukua fidla yake kubwa na kumpigia wimbo wa ngazi kutoka mwanzo hadi mwisho, wimbo uleule, mkono uleule uliorekodi kaseti. Pini alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akaanza kulia.

"Labda ana usingizi," akasema mama mmoja nyuma.

"Labda ana njaa," akasema mwingine, ambaye binti yake alikuwa amepiga wimbo mzima na alikuwa na nafasi ya kuwa mkarimu.

Ikawa hivyo Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Baada ya somo mwalimu akamwita Mama Kola kando, kwenye ukumbi mwembamba wenye kabati la fidla. Mwalimu si mtu wa kuzungusha maneno.

"Mama Pini, nimefundisha watoto wadogo kwa muda mrefu. Likitokea jambo hili sababu huwa ni mbili. Ama kaseti haipigwi nyumbani, mtoto anakuja hapa haujui wimbo. Ama inapigwa, na mtoto haisikii inavyotakiwa. Kama ni hiyo ya pili, fidla si jambo la kwanza la kushughulikia. La kwanza ni daktari wa masikio. Niambie ukweli. Inapigwa?"

Mama Kola anasema alihesabu hesabu hiyo haraka kuliko hesabu yoyote maishani mwake. Kaseti ilikuwa ikipigwa mpaka mashuka yanaujua wimbo. Kwa hiyo akisema ndiyo, anakuwa ameutamka kwa mdomo wake mwenyewe ule ugonjwa. Akisema hapana, anakuwa mzazi mzembe tu, na wazembe wako wengi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Kusema kweli, mwalimu," akasema, "hatuipigi sana. Kazi zinanizidi."

Mwalimu alionekana kupata nafuu, na hilo lilimuumiza zaidi. "Basi ipigeni. Kila siku, bila kukosa. Tutaona."

Wakaipiga. Mama Kola aliondoa kaseti nyingine zote kwenye rafu na kuzificha nyuma ya sabuni. Wimbo wa ngazi ulipanda na kushuka tangu kufungua duka hadi kufunga. Babu Suruali alijaribu kugoma, akaambiwa agome akiwa amesimama. Hospitali Mama Kola hakwenda. Alikuwa ameahidi moyoni kwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ina sifa moja, kwamba haifiki.

Na kadiri kaseti ilivyopigwa, ndivyo Pini alivyozidi kuharibikiwa darasani. Sasa hakukubali hata kuvuta upinde kwenye uzi mtupu. Kidole chake kilikwenda juu ya uzi chenyewe, kikatulia pale, na mwalimu akikitoa mtoto alishusha fidla na kuiweka sakafuni. Jumamosi moja mwezi wa Agosti alikataa kuifungua kwenye sanduku lake.

Jumatano iliyofuata, alasiri, mwalimu aliingia dukani na gauni lake jeusi mkononi, mara yake ya kwanza tangu alipotoa kaseti. Gauni halikuwa chafu. Amekiri baadaye kwamba alilichukua ili apate cha kushika wakati akisema alichokuja kusema.

Mashine ya nyuma ilikuwa inakamua, haisikiki redio wala mtu. Ilipozimika, Babu Suruali ndiye aliyemwona kwanza.

"Karibu, mwalimu! Umekuja kutuokoa?"

"Kuwaokoa na nini, babu?"

"Na huo wimbo wako. Mwalimu, kwa heshima zote, mimi ni mtu mzima. Naamka nao, nalala nao. Juzi mke wangu kaniuliza huyo Ngazi ni nani ninayemwita usingizini."

Mwalimu akamgeukia Mama Kola pole pole. "Inapigwa?"

"Inapigwa!" Babu Suruali akapokea kwa furaha, bila kujua anachobomoa. "Tangu mwezi wa pili! Asubuhi na jioni, na sasa hata mchana. Muulize mteja yeyote. Muulize hata mtu wa posta."

Mama Kola aliweka pasi chini, akaichomoa kwenye umeme. Wenzake wanakumbuka hilo kwa sababu haichomoi kamwe kabla ya saa ya chakula. Uongo wake ulikuwa umekwisha, na pamoja nao ilikuwa imekwisha sababu ya kwanza. Ilibaki ya pili. Aliangalia chini ya meza ya kukunjia, ambako Pini alikuwa akiguna wimbo na kutenganisha vifungo vyeupe na vya rangi ya maziwa.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama upande mmoja, akiitazama redio.

"Nani huyo anayepiga?"

"Si wewe mwenyewe, mwalimu?" akasema Babu Suruali. "Jina lako limeandikwa hapo juu."

"Mimi sina haraka hiyo." Akasogea karibu na rafu. "Na sauti hiyo ni nyembamba. Hiyo si fidla yangu. Irudishe mwanzo, tafadhali."

Kaseti ikarudishwa mwanzo. Mwalimu akatoa mkobani kipande cha chuma chenye ncha mbili, kifaa ambacho ukikigonga hutoa sauti moja tu, ileile siku zote, na kwa sauti hiyo ndiyo fidla zote za shule hulinganishwa. Wimbo wa ngazi huanza kwa sauti hiyohiyo. Alikigonga kwenye goti, akakisimamisha juu ya meza ya Babu Suruali, na mbao ikaanza kuvuma. Akaashiria redio iwashwe.

Sauti mbili zilikutana hewani na hazikukubaliana. Haikuhitaji mtaalamu.

"Zinagombana," akasema Babu Suruali.

"Ya redio iko juu," mwalimu akasema. "Nusu kidato. Hii redio inakimbia. Nani ameigusa?"

Wapiga pasi walitazamana kama wanafunzi.

Ukweli ukatoka kwa vipande. Miaka mingi nyuma redio iliharibika mkanda, ikapelekwa kwa fundi redio mwenye kibanda milango miwili kutoka hapo. Alipoirudisha, wimbo wa kwanza uliopigwa ulikuwa wa taratibu, wa mapenzi, na ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Pasi zikapunguza mwendo. Babu Suruali aliona suruali zinarundikana mezani kwake, akamuuliza fundi kama hakuna namna ya kuichangamsha. Fundi akasema iko: nyuma ya mota kuna skrubu ndogo, ukiizungusha kaseti inakwenda mbio au pole. Akaizungusha kidogo. Nyimbo zote zikachangamka, na kazi pia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeikumbuka skrubu. Masikio yao yalizoea, na redio za wengine ndizo zikaanza kuonekana zinavuta miguu.

"Lakini ni mwendo tu tuliongeza," Mama Kola akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Wimbo ni uleule."

"Kaseti ikikimbia, sauti nayo inapanda. Haviachani." Mwalimu alikuwa tayari anatazama huku na huku. "Fidla ya mtoto iko wapi?"

Ilikuwa juu ya rafu ya hanga, kwa kuwa Pini huja nayo kazini. Mwalimu akaketi kwenye kiti cha wateja, akaiweka mapajani, na kuanza kukaza nyuzi, akizungusha kigingi kwa uangalifu, akikwaruza uzi kwa kidole gumba na kusikiliza redio, akikaza tena. Uzi mmoja ulilia kama unaotaka kukatika. Akaulegeza kidogo, akauacha utulie, akaukaza upya. Mashine ya nyuma ilitaka kuanza mzunguko mwingine, mtu akaizima.

"Pini," akasema. "Njoo mwanangu. Nipigie wimbo wa ngazi."

"Sitaki. Utanitoa kidole."

"Leo sikutoi. Weka kidole unapotaka."

Pini akatambaa kutoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akachukua fidla. Kidole chake cha kwanza kikaenda juu ya uzi kama kawaida yake. Akavuta upinde kidogo tu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akasimama. Akakitazama kidole. Akakitoa mwenyewe.

Akavuta tena, uzi mtupu, na safari hii hakusimama. Wimbo wa ngazi ulipanda vidato vyake na kushuka, kila kidole kikitua juu ya utepe wake. Upinde ulikwaruza kama msumari kwenye bati, na katikati alisahau kupumua, lakini kila sauti ilikuwa mahali pake. Alipomaliza aliwatazama wote.

"Huo ndio," akasema, akiwaelekeza.

"Anasikia," mwalimu akasema.

Mama Kola akaketi juu ya furushi la mashuka safi ya hoteli, jambo ambalo mpiga pasi yeyote akifanya anasemwa mpaka jioni. Hakuna aliyemsema.

"Sema tena, mwalimu."

"Anasikia. Na kosa si lake, ni langu na la redio yenu. Mtoto asiyesikia anaweka kidole popote, leo hapa, kesho pale. Huyu aliweka palepale kila Jumamosi. Alikuwa anautafuta wimbo mliompa, na alikuwa anaupata. Mimi ndiye niliyekuwa namtoa." Alifikiri kidogo, kisha akaongeza, kwa kuwa ni mwalimu na anajua mama wanavyosikia mambo: "Sijasema ana kipaji. Nimesema anasikia."

"Kipaji kaa nacho," Mama Kola akasema, akicheka na kufuta uso kwa kola ya shati la mtu. "Kusikia kunanitosha." Kisha: "Mwalimu, nilikudanganya."

"Nimekwisha kuambiwa na babu."

"Na mimi nilijua nasaidia," akasema Babu Suruali, ambaye sasa alikuwa ameelewa nusu ya mambo. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Na sisi nguo ndizo kazi yetu!"

Fundi redio aliitwa. Alikuja na bisibisi nyembamba nyuma ya sikio, akasikiliza mashtaka, na hakutikisika.

"Niliwaambia haraka haraka haina baraka," akasema, akifungua mgongo wa redio. "Mkaniambia baraka mnazo, mnataka haraka."

Mwalimu alishika kipande chake cha chuma, fundi akashika bisibisi. Mmoja aligonga, mwingine akazungusha, kidogo, kidogo zaidi, rudisha, mpaka ile kero hewani ikaisha na sauti mbili zikawa moja. Kisha wakauacha wimbo wa ngazi uendelee kwa mwendo aliourekodi mwalimu sebuleni kwake.

Wapiga pasi wakasikiliza kwa huzuni.

"Huyo kachoka," akasema Babu Suruali. "Anapanda ngazi na mizigo."

"Umeharibika," Pini akatoa hukumu. Akaenda kuizima redio mwenyewe.

Mwalimu hakushangaa. Alimweleza Mama Kola kwamba mtoto atahitaji majuma kadhaa kuuhamisha wimbo, kama mtu anavyozoea kitanda kipya, na kwamba asilazimishwe. Fidla itabaki imekazwa kwa sasa, ili apige anachokijua na kukifurahia. Kila Jumamosi itateremshwa kidogo, kidogo kiasi kwamba Pini hatakuwa na sababu ya kubishana. Kaseti itarudi kupigwa kila siku, asubuhi na jioni tu, kwa mwendo wa sasa. Zile kaseti nyingine zilizofichwa nyuma ya sabuni zinaweza kurudi kwenye rafu, na Babu Suruali akaenda kuzitoa kabla sentensi haijaisha.

Mlangoni, akiwa na gauni lake safi mkononi, mwalimu alikumbuka jambo. "Hospitali ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Nenda hata hivyo. Nusu kidato nimeisikia mimi, lakini mimi si daktari."

Mama Kola anasema kama angeambiwa hivyo asubuhi ya siku hiyo, angeitikia na asingekwenda. Jioni alimsimulia mumewe kisa chote, wamekaa mlangoni, Pini akipiga wimbo wa ngazi ndani ya nyumba kwa mara ambayo hakuna aliyeihesabu.

"Nilikwambia," akasema fundi rangi. "Biskuti hazidanganyi."

"Wewe ulibahatisha."

"Nilibahatisha, lakini nilipata."

Siku iliyofuata Mama Kola aliomba ruhusa kwa bosi, akapewa asubuhi moja, kwa sharti kwamba mashati ya hoteli yawe tayari ifikapo saa tisa. Jumanne atampeleka Pini kwa daktari wa masikio, wakiwa wa kwanza kwenye foleni kama wataweza kuamka, na kutoka huko watakwenda moja kwa moja kazini. Jumamosi kuna somo.